Kutia Gari Umeme Pasi na Idhini ya Mwenyewe

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Siku chache baada ya Idi tuliulizwa suali katika darsa yetu ya baada ya Isha. Aliyeuliza ni kijana wa watu wema, mfanyaji biashara, mwenye kuhudhuria sala za jamaa. Hakuuliza kwa kujionyesha wala kwa kumjaribu mtu. Aliuliza hali sauti yake yatetemeka. Tulimwomba ruhusa tuliandike suali lake katika waraka wetu huu pasi na kumtaja jina, naye akaturuhusu. Tumeona lazima kuliandika, kwa kuwa magari na pikipiki za umeme zaingia katika miji yetu mwaka baada ya mwaka, na wengi wetu twazitumia hali hatujafikiri haki za watu zilizofungamana nazo.

SUALI

"Maalim, mimi nina gari la umeme nililoliagiza kutoka Japani, limetumika kidogo. Kumi la mwisho la Ramadhani nilikaa itikafu msikitini kwa masiku tisa. Kila usiku niliegesha gari penye ukuta wa msikiti, na hapo barazani pana soketi ya umeme. Nikachomeka waya, nikaingia ndani kusali na kusoma Kurani, na baada ya sala ya Alfajiri nikauchomoa nikenda kazini. Sikumuomba mtu ruhusa, wala hapana aliyenikataza. Nahisi walioniona walidhani nimepatana na kamati. Mimi nilijiambia kuwa msikiti ni nyumba ya Mungu, na mimi ni mja wake niliyekuja kumuabudu. Baada ya Idi nikasikia kuwa mzee wetu mtumishi wa msikiti amekatwa shilingi 1,000 katika mshahara wake, kwa sababu tokeni za umeme zilikwisha mara mbili kabla ya wakati wake, na kamati ikaona kuwa yeye ndiye aachaye feni na taa zikiwaka usiku kucha. Je, mimi nimeiba? Na itikafu yangu ina hukumu gani?"

Hilo ndilo suali. Jawabu yake yataka maelezo, nasi tutakwenda hatua kwa hatua ili msomaji ajue hukumu pamoja na sababu yake.

UMEME NI MALI

Jambo la kwanza la kufahamu ni kuwa umeme ni mali. Wako wadhanio kuwa umeme ni kama upepo au mwanga wa jua, kwa kuwa hauonekani kwa macho wala haushikiki kwa mkono. Dhana hii ni ya makosa. Upepo hauna mwenyewe wala bei, umeme wanunuliwa. Wapimwa kwa mita kama mchele upimwavyo kwa mizani, na atumiaye yuniti moja ya mwenziwe amempunguzia yuniti moja.

Hata mahakama za Ulaya zilitatizika katika jambo hili. Mwaka 1899 mahakama kuu ya Ujerumani ilisema kuwa umeme si kitu cha kushikika, na kwa hivyo auchukuaye hawezi kuhukumiwa kwa sharia ya wizi. Ikabidi mwaka 1900 itungwe sharia makhsusi. Uholanzi nako, mwaka 1921, mahakama kuu ilitoa hukumu juu ya daktari wa meno wa mji wa The Hague aliyeizuia mita yake kwa pini isihisabu, ikasema kuwa umeme ni kitu chenye thamani kinachoweza kuibwa. Na Waingereza, katika sharia yao ya wizi ya mwaka 1968, waliuwekea umeme kifungu chake mbali. Njia zao zilikhitalifiana, lakini wote walifika pamoja: atumiaye umeme wa mtu kwa khiyana ana makosa. Ama wanachuoni wetu wa Shafii, hawakuwa na haja ya safari ndefu kama hiyo, kwa kuwa mali kwao ni kila chenye manufaa ya halali na thamani kwa watu.

Sasa natutazame kipimo, kwa sababu watu wengi hukosea hapa. Simu ya mkononi ikitiwa chaji mpaka ikajaa, hutumia kadiri ya sehemu moja katika sehemu hamsini za yuniti. Yaani yuniti moja hutosha simu kama hamsini. Ama gari, likichomekwa katika soketi ya kawaida ya nyumbani kwa nguvu ya ampea 10, huvuta zaidi ya yuniti mbili kila saa. Likikaa hivyo saa nane za usiku litakuwa limevuta yuniti 19. Basi gari moja kwa usiku mmoja hunywa umeme wa kutosha simu mia tisa na zaidi. Asemaye, "Mbona fulani huchaji simu yake hapa?" na alipime neno lake kwa hisabu hii.

ASILI YA HUKUMU

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwa Abdalla bin Umar (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kumkama mnyama wa mwenziwe ila kwa idhini yake. Kisha akatoa mfano ili watu wafahamu: je, yuko apendaye kuendewa ghalani kwake, mlango ukavunjwa, na chakula chake kikachukuliwa? Akabainisha kuwa viwele vya wanyama ni ghala za chakula cha wenyewe.

Natuizingatie hadithi hii, kwa kuwa inakaribia mno jambo letu. Mnyama huyo yuko malishoni, hana mlango wala kufuli. Maziwa hayapungui kwa kuonekana. Kesho kiwele kitajaa tena. Tena mkamaji ni msafiri mwenye kiu, wala hakukusudia kumchukua mnyama. Pamoja na hayo yote Mtume (S.A.W.) amelinganisha kitendo hicho na kuvunja ghala. Basi soketi ya umeme katika ukuta wa mtu ni kama kiwele: iko wazi, yafikiwa na kila mkono, na kilichomo ndani ni riziki ya mwenyewe.

Na katika hadithi nyengine, aliyoipokea Imamu Ahmad na wengineo, Mtume (S.A.W.) amebainisha kuwa mali ya Muislamu haiwi halali kwa mwengine ila kwa ridhaa ya nafsi yake. Msingi basi ni huu: si ukubwa wa kitu wala udogo wake, bali ni ridhaa ya mwenye kitu.

HOJA ZA WATU NA MAJIBU YAKE

Hoja ya kwanza: "Ni kitu kidogo." Mwaka 2013, katika mji wa Chamblee ulioko jimbo la Georgia, Marekani, mtu mmoja alichomeka gari lake la umeme katika soketi ya nje ya shule, akimngojea mwanawe aliyekuwa akijifunza mchezo wa tenisi. Gari lilikaa kadiri ya dakika 20, na umeme uliotumika ulikisiwa kuwa wa senti tano za Kimarekani. Siku chache baadaye askari walimfuata kwake wakamkamata, akalala kizuizini kadiri ya saa 15. Watu wakagawanyika makundi mawili: wengine wakasema wizi ni wizi hata ukiwa wa senti tano; wengine wakasema ni dhulma kumfunga mtu kwa senti tano.

Sisi twasema kuwa makundi yote mawili yameshika upande mmoja wa haki. Kumtia mtu jela kwa senti tano, hali neno moja la kumwambia lingetosha, ni ukali usiokuwa na hekima. Hata katika sharia yetu, adhabu ya mwizi ina kiwango na masharti mengi, na kidogo kama hiki hakikifikii. Lakini kuondoka kwa adhabu si kuondoka kwa dhambi. Katika safari ya Khaibar, mtumwa wa Mtume (S.A.W.) aitwaye Midam alipigwa mshale akafa. Watu wakampongeza kwa kufa shahidi. Mtume (S.A.W.) akakanusha, akawaambia kuwa nguo aliyoichukua katika ngawira kabla ya kugawanywa inamuwakia moto. Mtu mmoja aliposikia hayo akaleta ukanda wa kiatu, au kanda mbili. Naye akaambiwa kuwa hata huo ni wa motoni. Ukanda wa kiatu thamani yake ni nini? Lakini ulikuwa ni wa watu wote, na yeye akauchukua peke yake.

Hoja ya pili: "Soketi ilikuwa wazi, wala hapana aliyenikataza." Jawabu yake ni kuwa kunyamaza kwa mtu si idhini. Imamu Shafii amenukuliwa kuwa asiyesema hanasibishwi kauli. Na vipi atakataza asiyejua, naye amelala kwake? Baraza ya nyumba zetu huwa wazi kwa kila mpita njia aketi apumzike, lakini haikuwa idhini ya kubeba mkeka.

Hoja ya tatu: "Ni ada ya watu." Hoja hii ina nguvu, nasi hatutaki kuidharau. Sharia yetu yazingatia ada, na jambo lililojulikana baina ya watu huwa kama lililoshurutishwa. Mgeni akichaji simu yake ukumbini kwa mwenyeji wake, hapana haja ya kumuuliza, kwa kuwa ada imekwisha kumjibia. Na hoteli iliyoweka soketi kwa ajili ya magari ya wageni wake, basi kule kuiweka ni idhini. Na katika Sura ya Nuri Mwenyezi Mungu ameondoa uzito katika kula majumbani mwa jamaa na marafiki, kwa ridhaa ijulikanayo baina yao. Lakini ada hupimwa kwa kile kilichozoeleka, na yaliyozoeleka ni simu, si gari. Mwenye kuruhusiwa kunywa gilasi ya maji hakuruhusiwa kuleta mapipa.

Hoja ya nne: "Mbona twaketi kivulini mwa ukuta wa mtu na kuona kwa mwanga wa taa yake?" Hapa inatupasa kupambanua. Wanachuoni wetu wa Shafii wametaja, katika mlango wa sulhi, kuwa mtu aweza kuegemea ukuta wa mwengine pasi na idhini ikiwa haudhuru, na wakaulinganisha na kuketi kivulini mwake na kupata mwanga wa taa yake. Sababu yake ni kuwa mwenyewe hapungukiwi na kitu: taa yawaka vilevile, ukiwapo au usiwepo. Umeme wa soketi si hivyo. Kila upatacho wewe kimemtoka yeye.

Na wacha Mungu wa zamani waliogopa hata kile kisichompunguzia mwenyewe. Inasimuliwa kuwa mwanamke mmoja alimjia Imamu Ahmad bin Hanbal akamuuliza: wao husokota nyuzi darini usiku, na mienge ya askari wa watawala hupita njiani ikawaangazia, je, inafaa wasokote kwa mwanga ule? Imamu akamuuliza yeye ni nani, akajibiwa kuwa ni dada yake Bishri al-Hafi. Imamu akalia, akasema kuwa uchaji wa kweli watoka katika nyumba yao, basi asisokote kwa mwanga huo. Hatusemi kuwa kila mtu amelazimishwa hayo. Twasema tu: ikiwa wao waliuliza juu ya mwanga uliowapitia bila ya kuuita, sisi tuna udhuru gani wa kutouliza juu ya umeme tuliouvuta kwa waya?

Hoja ya tano: "Lau ningemuomba angenikubalia." Basi ikiwa ndivyo, kuomba kungekugharimu nini? Aghlabu mwenye kusema hivi ndani ya moyo wake akhofu kuwa angekataliwa, au angeambiwa alipe.

MAHALI MBALIMBALI

Hukumu yabadilika kwa mahali, na funguo yake ni suali moja: ni nani mwenye haki ya kuidhinisha?

Katika nyumba ya jirani, ni jirani mwenyewe, wala si mtoto wala mtumishi wake. Katika nyumba ya vyumba vya kupangisha yenye mita moja ambayo wapangaji wote huilipia sawasawa, ni wapangaji wote. Idhini ya mwenye nyumba peke yake haitoshi, kwa kuwa si yeye alipaye. Katika kazi au shule, ni msimamizi aliyepewa madaraka hayo, si mlinzi wa langoni. Mlinzi akikuruhusu amekupa kisichokuwa chake.

Na mali ya serikali ni mali ya watu wote. Inasimuliwa kuwa Khalifa Umar bin Abdulaziz alikuwa akifanya kazi za Waislamu usiku kwa taa ya baitul mali, na mazungumzo yalipogeuka yakawa ya nafsi yake na ahali yake, aliizima akawasha taa yake mwenyewe. Aliyekuwa na hazina zote mkononi hakujihalalishia mafuta ya taa ya saa moja. Leo wako watu wachomekao pikipiki zao afisini kila siku, na ukiwaambia hukuona wewe kuwa umezidi.

MSIKITI NA MALI YA WAKFU

Sasa tumefika penye kiini cha suali, na hapa ndipo watu wengi wapotezwapo na neno zuri. Husema, "Msikiti ni nyumba ya Mungu, basi ni wetu sote." Kweli, ni nyumba ya Mungu, na kwa hivyo si ya yeyote katika sisi. Mali ya mtu, mwenyewe aweza kusamehe. Mali ya wakfu haina mwenyewe wa kusamehe. Imamu si mwenyewe, wala kamati si wenyewe. Wao ni wasimamizi, na msimamizi hana ruhusa ila katika lile lenye maslaha na wakfu.

Aliyetoa shilingi 50 katika sanduku la msikiti alikusudia taa ya kusomea Kurani, feni ya wenye kusali, na mota ya kupandisha maji ya kutawadhia. Pengine ni mama muuza mahamri aliyezitoa katika faida yake ya siku. Hakukusudia gari la mfanyaji biashara. Na haya si maneno mapya. Wanachuoni walikataza mafuta ya taa ya msikiti na mikeka yake kutumiwa katika haja za watu za nje, ijapokuwa mtumiaji ni mwenye kusali humohumo.

Kwa hivyo twasema waziwazi: katika umeme wa nyumba yako, jirani aweza kukuomba nawe ukampa bure ukapata thawabu. Katika umeme wa msikiti, hata ukiomba, kamati haina haki ya kukupa bure. Iliyo nayo, kwa rai yetu, ni kukuruhusu kwa malipo yasiyopungua thamani ya ulichokitumia, ikiwa msikiti hautadhurika. Kuomba peke yake hakutoshi hapa. Ni kuomba na kulipa.

MADHARA YASIYOONEKANA

Atumiaye kitu cha watu pasi na kuuliza hudhani kuwa jambo lake limekwisha pale alipochomoa waya. Haliishi. Waya mwembamba ukivuta nguvu nyingi usiku kucha hupata moto, na nyumba nyingi za miji yetu ya kale zina nyaya za miaka mingi. Ukizuka moto, aliyechomeka bila ya idhini ni mdhamini wa kila kilichoungua, akijua au asijue.

Na liko dhara jengine, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Alfajiri moja ya kumi lile la mwisho, tulikwenda kusali katika msikiti huo tukakuta umeme umekatika na birika kavu, kwa kuwa mota haikufanya kazi usiku. Wazee wakasimama kizani wakingojea ndoo za maji kutoka nyumba za jirani, na wengine rakaa ya kwanza ikawapita. Watu wakaguta, "Mtumishi huyu! Huacha mafeni yakizunguka usiku kucha." Nasi tulikuwapo. Tulimtazama yule mzee, tukamwambia mbele za watu kuwa mali ya msikiti ni amana na aiogope siku ya hisabu. Hakujibu kitu. Alikuwa ameshika ndoo.

Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya Hujurati kufuata dhana, na sisi tumeisomesha aya hiyo mara nyingi. Siku ile tuliisahau. Na gari lilikuwa limeegeshwa hatua chache tu nyuma yetu, na waya wake ukutani.

Mwenye kuchukua bila ya kuuliza huacha nyuma yake pengo lisilokuwa na jina, na watu hulitafutia jina. Aghlabu jina hilo huwa la mnyonge: mtumishi, mlinzi, kijana wa kazi, mpangaji aliye masikini kuliko wote. Yeye amekula yuniti za umeme, na mwengine ameliwa heshima yake.

DHARURA

Huenda mtu akaulizwa: gari limekwisha nguvu usiku, ndani yake mna mgonjwa, wala mwenye nyumba hayupo, afanye nini? Twasema: dharura huruhusu lililokatazwa kwa kadiri yake, lakini haiondoi haki ya mwenye mali. Atatumia kiasi cha kumfikisha, kisha atamtafuta mwenyewe, amweleze na amlipe. Ama kusahau kutia umeme nyumbani, au kutaka kuokoa gharama, hiyo si dharura.

WENYE SOKETI NAO

Tusije tukamnyoshea kidole mwenye gari peke yake. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Maun amewalaumu wanaozuia misaada midogo midogo. Jirani akikujia kwa adabu, akakwambia, "Ndugu yangu, naomba nitie gari umeme saa moja, nami nitalipa," si uungwana kumfungia mlango hali huna dhara. Na ukimkuta mtu amechomeka kwako bila ya idhini, mwambie kwa upole kabla ya kuita watu; huenda ni mjinga wa jambo hili kama tulivyokuwa sisi.

Na kamati za misikiti zisingoje mpaka fitina itokee. Ikiwa penye msikiti pana nafasi na haja, basi iwekwe soketi moja yenye mita yake ndogo, bei iandikwe ukutani, na malipo yaingie katika hisabu ya wakfu. Mwaka 2023 serikali yetu iliwekea umeme wa vyombo vya usafiri bei makhsusi, shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 katika saa zisizokuwa na matumizi mengi, kabla ya kodi na ada nyengine. Basi kupima na kulipa kwawezekana. Dini yetu haichukii vyombo vipya. Yachukia haki za watu kupotea ndani yake.

JAWABU

Tulimjibu kijana yule kama hivi:

Itikafu yako ni sahihi, kwa kuwa nguzo zake zimetimia: ulinuia, na ulikaa msikitini. Dhambi ya umeme ni jambo la mbali. Lakini ikumbuke hadithi aliyoipokea Muslim, ya yule mtu aliyefilisika katika umma huu: atakuja Siku ya Kiyama na sala na saumu na zaka, na amemtukana huyu na amekula mali ya yule, basi mema yake yatagawanywa kwa wenye haki mpaka yamalizike. Khofu yetu si kuwa hukupata thawabu katika masiku yale tisa. Khofu yetu ni thawabu hizo kwenda kwa wengine.

Kuhusu wizi, hukukusudia kuiba, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye nia. Lakini kutojua huondoa dhambi pengine, hakuondoi deni. Hisabu yuniti ulizotumia, na ukitia shaka chukua hisabu iliyo kubwa, ulipe kwa bei msikiti ulionunulia. Kisha iambie kamati waziwazi, ili mzee arejeshewe zake. Kisha mwendee mzee mwenyewe umwombe radhi. Na kwa kuwa jina lake limechafuliwa mbele za watu, lisafishwe mbele za watu.

Kijana alitazama hisabu za gari lake akakuta kadiri ya yuniti 12 kila usiku, yaani yuniti 108 kwa masiku tisa, na thamani yake ikapita shilingi 3,000. Akazilipa usiku uleule. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, alisimama akaeleza alilolifanya. Alipomaliza tulisimama nasi, tukasema lile neno tulilolisema Alfajiri ile na kuwa lilikuwa ni la dhulma, tukamwomba mzee radhi.

Mzee alimshika kijana mkono, akasema, "Mwanangu, hizo pesa nilizisamehe siku ileile. Lililoniuma ni kuwa hapana aliyeniuliza."

Ndugu zetu, neno hilo lilitupata sisi kuliko lilivyompata yeye. Kijana hakuuliza kabla ya kuchukua. Sisi na kamati hatukuuliza kabla ya kuhukumu. Makosa ni yale yale mamoja. Katika kila unalotaka kulinyoshea mkono katika mali ya mwenzio, na katika kila unalotaka kulisema juu ya heshima yake, anza kwa kuuliza. Na mwenye deni la namna hii, liwe la usiku mmoja au la miaka, na alilipe leo hali shilingi zingali zakubaliwa, kabla ya siku ambayo hapatakuwa na dinari wala dirhamu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi, atutosheleze kwa halali yake, na atulinde na dhana mbaya. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.